Ufa Uliotajwa Mbele ya Wakwe

Kwa Mheshimiwa Mhandisi Mkuu Iwatsuki,
Mwenyekiti wa Kamati ya Istilahi,
Idara ya Uimara wa Ndege,
Kiwandani.

Kutoka kwa Sumie Nagaya, mke wa Tsunehisa Nagaya wa idara yako,
Kakamigahara, mwezi wa Oktoba.

YAH: KUONDOLEWA KWA NENO "UFA" NA NDUGU ZAKE WOTE KATIKA LUGHA YA KIWANDA

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Iwatsuki, na kwamba zile tambi nilizowaletea majira ya joto mlizila wenyewe bila kulazimika kuwagawia majirani. Sisi hatujambo, ukiacha kwamba umetuharibia harusi.

Nitajieleza taratibu, maana nasikia wahandisi hampendi mtu anayerukia mwisho. Binti yangu Chizuru, yule anayesafisha meno ya watu katika zahanati karibu na stesheni, amechumbiwa na Shingo Hachiya wa Nakatsugawa. Akina Hachiya ni watu wa heshima, wana duka la vitamu vya maharage walilorithi kwa babu. Jumapili moja mwezi uliopita tukakutana familia mbili katika hoteli mjini Nagoya ili tufahamiane na tupange siku.

Mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Tulikunywa maji ya moto yenye ua la mcheri, kwa kuwa chai siku hiyo huhesabiwa mkosi. Samaki, changu, aliletwa mzima, kichwa mpaka mkia. Bwana Hachiya aliisifu mvua, nami nikaisifu. Mama Hachiya alimmiminia mumewe pombe, akammiminia tena. Vijana wetu walikaa wameinamisha macho kama inavyotakiwa, ingawa nimewahi kuwaona stesheni wakicheka hadi watu wanageuka. Ndipo Bwana Hachiya, kwa ukarimu wake tu, akasema, "Bwana Nagaya, tupe basi neno moja la baba."

Mheshimiwa, tangu nimjue mume wangu hajawahi kutoa neno la baba. Nilikuwa nimemwandikia sentensi mbili kwenye kikaratasi, naye akakiacha kwenye koti lingine. Akasimama, akashika ukingo wa meza kana kwamba meza ndiyo inayotaka kuanguka, akasema:

"Mimi maneno ya harusi siyajui, mnisamehe. Najua kazi yangu tu. Kule kazini, kiungo kikitoka kipya, kinang'aa, sisi tunahesabu kwamba tayari kina ufa. Mdogo tu, hata hauonekani. Hatubishani kama upo. Upo. Tunachouliza ni unakua kwa kasi gani, na nani anautazama. Ndege haidondoki kwa sababu ina ufa, jamani. Zote zina ufa. Inadondoka kwa sababu watu waliona haya kutazama."

Angekomea hapo, ningeweza kusema amelewa. Lakini alichukua kizibo cha bati cha chupa ya pombe, akakikunja huku, akakikunja kule, tena na tena, akieleza kwamba chuma hakiuawi na mzigo mzito wa siku moja bali na vimizigo vidogo vinavyojirudia, mpaka kizibo kikasema tak! kikawa viwili mkononi mwake. Mama Hachiya, aliyekuwa ameinua chupa ammiminie mumewe, aliirudisha mezani bila kumimina.

Kisha Bwana Hachiya akainama, akasema, "Asante sana. Haya tutayafikiria." Na mkewe naye akainama zaidi yake. "Kweli. Tutayafikiria."

Huhitaji nikufafanulie. Wewe mwenyewe, wauza ribiti wakikuletea bei wasiyostahili, huwaambia nini ukiwasindikiza mlangoni? Unawaambia utalifikiria, nao wakifika kwenye lifti wanaanza kulia.

Tangu siku hiyo simu haijalia. Siku njema za kalenda zinapita moja baada ya nyingine. Chizuru haimbi tena bafuni. Jana nilimkuta ameshika ile picha ya kimono cheupe cha harusi, akaniuliza, "Mama, wakikataa, mimi nimwambie nini Shingo? Au yeye ndiye ataniambia mimi?" Nikaipokea ile picha, nikaipangusa vumbi lisilokuwepo. Shingo mwenyewe akiulizwa habari za kwao anajikuna kichwa: "Nyumbani wana maongezi yao, mama. Hata kufunga duka wanasahau." Maongezi! Tunayajua maongezi ya aina hiyo.

Aibu yangu ni kubwa kuliko ya mama mwingine, na sababu ni hii. Mtaani kwetu, mtu akitakiwa kuhutubia harusini huniletea hotuba yake niisafishe. Mimi ndiye ninayewakumbusha kwamba siku hiyo hakuna kukata, kuvunja, kupasuka, kutengana wala kurudi. Hata keki haikatwi, huingizwa kisu. Hata sherehe haiishi, hufunguliwa. Na anayesema "tena na tena" mbele ya bibi harusi amemtakia ndoa ya pili. Sasa nimefanya utafiti katika kile kijitabu cha kamati yako ambacho mume wangu husoma akiwa chooni, na nimegundua kwamba kuanzia jalada hadi jalada hakuna kitu ndani yake isipokuwa maneno ya mwiko. Mngekusudia kuandika kitabu cha kuvunja harusi msingefaulu hivyo.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya.

1. Ufa. Mna neno moja la kutisha na mnalitumia asubuhi, mchana na jioni, bila hata kupunguza sauti. Napendekeza badala yake muandike "mstari wa heri". Kuvunjika kuitwe "kufunguka". Viungo vikiachana, isemwe vimepeana nafasi. Na siku bawa likikatika kabisa, Mungu aepushe, ripoti iseme kwamba bawa limefunguliwa kwa furaha na wageni wote wanashukuriwa.

2. Uchovu. Hili linanigusa binafsi. Mnasema metali inachoka. Inachoka na nini? Haifui, haipiki, haina mama mkwe. Mimi naamka kabla ya watu wote, napanga vyakula vya watu wanne katika vikasha vinne, naenda kusimama na takataka za Jumanne ili kunguru wasizitapanye, na tangu niolewe sijawahi kusema nimechoka. Katika nyumba yangu anayeruhusiwa kuchoka ni chuma peke yake. Tsunehisa anaweza kukaa mezani akisikitikia uchovu wa boriti ya bawa mpaka supu inapoa, nami nimesimama nyuma yake na sufuria. Simlaumu. Lakini boriti hiyo nayo ijifunze adabu.

3. Nguvu iliyobaki. Shangazi yangu Kiyo alipotimiza miaka themanini na minane tulimfanyia karamu. Kila mtu alimwombea maisha marefu. Mume wangu alimtazama kwa makini, akamwambia, "Shangazi, nguvu yako iliyobaki inaridhisha." Shangazi hasikii vizuri, akashukuru. Binti zake wanasikia vizuri sana.

4. Njia nyingi za mzigo. Katika hotuba ileile ya hotelini mume wangu alisema kwamba muundo mzuri hauegemei kiungo kimoja, kwamba kimoja kikikatika vingine viwepo vya kushika. Nilipomkabili nyumbani alijitetea: "Nilimaanisha sisi wazazi, mama Chizuru. Watoto wakilemewa, tushike." Basi angesema sisi wazazi! Aliposema "vingine viwepo," Bwana Hachiya aligeuka akamtazama Misao, mdogo wake Chizuru, kana kwamba tumekuja na wa akiba.

5. Kuna hili la kuponya ufa kwa kutoboa tundu kwenye ncha yake ili usiendelee. Nimelisoma mara kadhaa. Nilidhani ni kosa la uchapaji. Naliacha hadi nitakapopata mtu mwenye akili timamu wa kunieleza.

6. Ukaguzi. Hapa ndipo penye shina la maovu yote, Mheshimiwa, na naomba uvute kiti.

Mnasema kila kitu kikaguliwe kila baada ya muda, na muda wenyewe uwe mfupi kiasi kwamba ufa ukikupita mara ya kwanza, uupate mara ya pili kabla haujaua mtu. Najua wapo watakaonikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hayo ni maneno ya watu wasio na wageni. Nyumba yenye adabu ikipata ufa hutundikiwa picha. Sisi tuna picha ya korongo wawili sebuleni, imekaa pale tangu tetemeko la ardhi la mwaka ule, na hakuna mgeni aliyewahi kuinuka akachungulia nyuma yake. Wanaisifu picha, tunawashukuru, wanakwenda zao.

Tazama ndoa yangu. Mimi na Tsunehisa hatujawahi kugombana. Tunazungumza kuhusu mvua, kuhusu bei ya figili, kuhusu nani atoe chupa tupu na nani atoe makaratasi. Hajawahi kuniuliza nina nini, nami sijawahi kumpa sababu ya kuuliza. Kama kungekuwa na ufa wowote tungeuona, isipokuwa hatutazami, na kwa hiyo haupo. Huo ndio ushahidi wangu mkuu. Mtu huyohuyo anayelala na vitabu vya nyufa ameishi miaka yote hii katika nyumba isiyo na hata mmoja, na haoni ajabu.

Kwa hiyo, kama ni lazima ukaguzi uendelee, ufanywe kiungwana. Mkaguzi asifike bawani ghafla na taa yake. Asimame kando, akohoe, aseme "samahani kwa usumbufu", asubiri kidogo, ili ufa upate nafasi ya kujiweka sawa. Akiukuta bado upo, asikodoe macho. Aisifu rangi ya ndege na aondoke.

7. Na ikiwezekana, ndege zisikaguliwe kabisa. Nimelitafakari hili kwa uangalifu. Sisi kwa sisi tukikutana barabarani tunaulizana "Hujambo?" na kujibiwa "Sijambo," na kwa jibu hilo nchi nzima inakwenda kazini. Hakuna anayempasua jirani kuhakikisha. Kwa nini ndege ibaguliwe? Kila asubuhi fundi mwenye sauti nzuri aiinamie, aiulize kama imelala salama, na ikinyamaza, ihesabiwe kuwa imejibu vizuri, iruke. Abiria nao wataambiwa kwamba hali yake itafikiriwa. Kamati yako ipate mjumbe mmoja mwanamke anayejua adabu za harusi, mwenye mamlaka ya kukataa neno lolote. Simtaji mtu, ila Alhamisi zangu ni huru.

8. Mwisho kabisa, naomba wewe binafsi uvae suti nyeusi, uende Nakatsugawa na kisanduku cha keki, upige magoti mbele ya Bwana na Mama Hachiya, na uwaambie kwamba ufa ni neno la kiwandani lisilo na maana yoyote. Kwamba mume wangu hakujua anachosema. Kwamba vitu vinavyotengenezwa na idara yako havina nyufa, havijawahi kuwa nazo, na havitakuwa nazo. Ukiulizwa ushahidi, isifu mvua.

Sitaki fidia. Nataka mwanangu aolewe na kijana anayemchekesha hadharani. Ni jambo dogo, na limekwama kwa sababu ya kizibo.

Nisalimie Mama Iwatsuki, mwambie maua aliyonipa yameshika. Nisalimie walinzi wa getini, na yule dada wa mapokezi anayejua sauti yangu kwenye simu na bado huuliza nani anaongea. Wasalimie vijana wote wa chumba cha hesabu. Na lile bawa la majaribio mnalolipandisha na kulishusha kutwa kucha mpaka lishindwe, lipe pole yangu, mimi nalielewa.

Naomba nibaki kuwa mtiifu wako, mwenye huzuni lakini mwenye staha,

Sumie Nagaya

NYONGEZA BAADA YA SAHIHI

Mheshimiwa, bahasha ilikuwa inasubiri stempu tu, simu ikalia. Alikuwa Mama Hachiya.

Nikapiga magoti palepale kwenye mkeka na kuanza kuomba radhi kabla hajamaliza kujitambulisha. Akanikatiza. "Mama Chizuru, acha, acha kwanza! Mimi ndiye wa kuomba radhi, tumekaa kimya mno. Tulisema tutayafikiria, si ndiyo? Basi tulikuwa tunayafikiria."

Sikumwelewa. Nimeishi katika nchi hii maisha yangu yote na sijawahi kumsikia mtu aliyesema atafikiria kisha akafikiria.

Akaniambia kwamba siku ile, kwenye treni ya kurudi, Bwana Hachiya alihesabu stesheni mpaka walipopita ile ya Mizunami. Ndipo akauliza, akitazama dirishani, "Hivi wewe umechoka?" Mkewe akamjibu, "Na nini?" Akasema, "Na mimi. Na kunimiminia." Mama Hachiya anasema alitaka kujibu "wala" kama kawaida, mdomo ukawa mzito. Walianza kuongea hapo. Walipitiliza kituo chao, wakajikuta huko Kiso kwenye milima, wakala tambi wamesimama, wakaendelea kuongea. Tangu hapo ni kila siku wakifunga duka, na siku nyingine hawafungi. "Tumezipata nyufa nyingi, mama! Nyingine ni za enzi za mama mkwe wangu, hata mwenyewe keshakufa! Jana nimemrushia kijiko cha mbao. Kwa mara ya kwanza! Halafu tukacheka mpaka mteja akaondoka." Alikuwa analia na kucheka pamoja, na sasa wanamiminiana kwa zamu.

Harusi ipo. Wamechagua siku njema ya mwezi wa kumi na moja. Wana sharti moja tu: Bwana Nagaya ahutubie tena ukumbini, maneno yaleyale, asiondoe hata moja, na kizibo juu. Bwana Hachiya ataleta vizibo. Chizuru nilipomwambia alinirukia shingoni kama mtoto, na hivi ninavyoandika yuko bafuni anaimba vibaya sana.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yangu yote, la kwanza mpaka la nane, pamoja na lile la tano ambalo bado sijalielewa. Usiguse neno hata moja katika kile kijitabu. Kama mna nakala za ziada, Mama Hachiya anaomba moja, na dada yake wa Tajimi anaomba moja, na wauza samaki wawili wa jirani yao.

Kabla ya kukata simu aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya figili, "Na ninyi je, mama Chizuru? Nyumba ya mtaalamu mwenyewe! Mnakaguana kila baada ya muda gani?"

Mheshimiwa, mimi ninalo jibu la kila swali la adabu. Nilimwambia huku kwetu baridi imeanza, avae kimono kizito siku ya harusi. Akasema asante, atavaa. Nikabaki nimeshika simu iliyokatika, nikajikuta naona haya, na sijui ni kwa sababu ya swali au kwa sababu nilitamani sana aliyeuliza awe mwingine.

Basi ombi langu limebaki moja, na ni dogo. Ijumaa hii mruhusu mume wangu arudi mapema, jua likiwa bado lipo. Usimwambie sababu. Akisikia ni ukaguzi atakuja na tochi.